Mie hapa pananitosha

"Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." "Karibu ndani, kikao kinaanza." "Nyie nendeni tu. Mie hapa pananitosha, nitawasikia."

Hayo tu ndiyo tuliyosemezana Jumamosi na bibi wa pale chini ya mti wa mkungu, mlangoni pa kikanisa cha matumbawe tunachokigeuza kuwa ukumbi wa kijiji. Paa limekwisha kuezekwa, mkuu wa wilaya kaja kaondoka, binamu kaoa, nami bado niko na "hapa pananitosha". Nalirudia nikichekecha mchanga, nalirudia nikichota maji. Hakulisema kwa uchungu. Angelalamika ningepata la kumjibu. Alilisema kwa upole wa mtu aliyezoea mambo kupita mbele yake, akauegemeza mkongojo ukutani, akakaa juani. Ndani tukagawana siku za ukumbi: vikoba Alhamisi, watoto kupimwa uzito mwanzo wa mwezi, wanafunzi jioni taa zikiwaka. Kila shughuli iliyotajwa ilikuwa na mtu kama yeye ndani yake.

Kikanisa kile kina vipandio vitatu mlangoni, kila kimoja sentimita 15. Waliokijenga walitaka sakafu iwe juu ya maji ya masika, na walifanya vema. Ila sentimita 45 hizo ni ukuta mzima kwa mwenye goti bovu, kwa mama mwenye mimba ya miezi minane, kwa mwenye kiti mwendo. Kamati iliiweka njia ya mteremko "awamu ya pili". Sikubaliani, na nimewaambia hivyo. Tangu mwaka 2010 hapa Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu inayotaka majengo ya umma yafikike. Ukumbi wa kijiji ni wa umma tangu siku unapofunguliwa.

Fundi akasema mteremko wa mita mbili unatosha, mbona toroli linapanda. Toroli linasukumwa na kijana mwenye mabega. Kwa mita mbili anayesukuma kiti anarudishwa nyuma, na mvua ikinyesha hata mwenye miguu mizima anateleza. Kipimo kinachofaa ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda, kumi na mbili za kwenda. Kwa hiyo 45 mara 12, mita 5 na sentimita 40. Upana mita 1.2. Juu, mbele ya mlango, kibaraza tambarare cha mita moja na nusu kila upande, maana mtu wa kiti hawezi kufungua komeo huku magurudumu yanarudi nyuma. Ubao mmoja wa mlango una sentimita 60 tu, haupitishi kiti, kwa hiyo saa za ukumbi mbao zote mbili zifunguliwe na zifungwe kulabu.

Jambo la kuangalia zaidi ni ukuta. Tulipoibandua lipu ya saruji upande wa kusini, matumbawe ya ukuta yalitoka yakipukutika. Matumbawe hunyonya maji, na lipu ya chokaa huyaacha maji hayo yatoke. Saruji huyafungia ndani, chumvi inagandia nyuma yake, kisha uso wa jiwe unadondoka pamoja na lipu. Ndiyo maana zege la mteremko lisiguse ukuta. Tunaacha nafasi ya sentimita 30, tunaijaza kokoto tupu, na zege linainamishwa kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi ukutani. Kibaraza kinapofika kizingiti, pale unaachwa mwanya wa sentimita mbili, unajazwa chokaa na mchanga wa mtoni, moja kwa tatu. Mchanga wa ufukweni tusiuguse kabisa, una chumvi yake tayari.

Jana alasiri fundi mwenyewe alikuja na mpira wa maji wa kupimia usawa. Tukashika mmoja huku mmoja kule, tukapiga vigingi, tukavuta uzi. Alipouona ule uzi jinsi unavyopanda polepole hadi kizingitini alinyamaza, halafu akasema, "Huu hata mama yangu ataupanda." Nilifurahi nikashindwa kuficha! Vijana wakaanza kuchimba msingi palepale bila kuambiwa, na kifusi cha lipu ya zamani tunakitumia kujazia chini, kinashindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 15, lisije likatitia. Juu zege la sentimita 10, saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, mifuko sita hivi ya saruji. Kabla halijakauka linapigwa fagio la chelewa kwa kukingama, lipate mikwaruzo ya kushika mguu. Pembeni kingo ya sentimita 10 ili gurudumu lisichopoke, na bomba la kushikia kwa kimo cha sentimita 90. Halafu magunia yaliyolowa, siku saba, asubuhi na jioni. Jua la kaskazi likilikausha upesi litapasuka, na ufa wa kwanza ndio unaoingiza maji kwenye kifusi.

Saruji mifuko mitatu imepatikana. Mitatu bado.

Huku nyumbani mama anasema minazi miwili ya nyuma inadondosha vidaka, na makuti ya chini yamegeuka manjano. Sidhani ni chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, sikuona matundu. Kesho nitampandisha kijana apasue karara. Maua ya ndani yakiwa meusi, basi ni ule ugonjwa unaoua minazi, na itabidi tuikate yote miwili kabla haujafika kwa jirani.