Ujumbe Tuliotuma na Ujumbe Uliofika: Uzoefu Wangu na Familia za Wanafunzi Wakati wa Masomo ya Mseto

Mama mmoja alifika langoni asubuhi ya Jumanne akiwa amemshika mwanawe mkono, nami nikalazimika kumweleza kwamba mtoto yule alikuwa wa kundi la pili, ambalo zamu yake ya kuja shuleni ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Hakukasirika. Alitoa simu yake mkobani, akanionyesha jumbe tatu zilizotoka kwetu: wa kwanza ulisema aje Jumatatu na Jumanne, wa pili ulirekebisha wa kwanza, na wa tatu ulitangaza kwamba ratiba mpya imewekwa kwenye tovuti ya shule, bila kusema ratiba yenyewe ni ipi. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nasoma kila mnachotuma. Sijui tu nishike lipi."

Wakati huo nilikuwa makamu mkuu wa shule anayeshughulikia taaluma, na mawasiliano na wazazi yaliniangukia kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeyataka. Shule yetu ilikuwa imefungwa Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 mwezi huo kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima. Tulipofungua tena miezi kadhaa baadaye, vyumba havikutosha kuwaweka wanafunzi wote kwa umbali uliotakiwa kati ya dawati na dawati. Kwa hiyo tulianza masomo ya mseto, yaani siku nyingine shuleni na nyingine nyumbani, tukagawa kila darasa mafungu mawili: fungu moja lilikuja siku mbili za mwanzo wa wiki na jingine siku mbili za mwisho, huku Jumatano ikiwa siku ya usafi na ya kazi za nyumbani kwa wote. Kwenye karatasi mpango huo ulionekana mwepesi. Kwa mzazi mwenye watoto watatu na ajira ya kutwa, ulikuwa fumbo linalobadilika kila wiki.

Jioni ile niliketi nikahesabu. Katika wiki mbili za mwanzo tulikuwa tumetuma jumbe kumi na moja kwa njia tano: SMS, makundi ya WhatsApp ya kila darasa, barua pepe, tovuti, na barua za karatasi zilizotiwa kwenye mabegi ya watoto. Kila njia ilikuwa na mwandishi wake, na hakuna aliyekuwa akisoma alichoandika mwenzake. Mwalimu wa darasa angeweza kuahirisha jaribio kwenye WhatsApp asubuhi, na ofisi ikakumbusha kwa SMS mchana kwamba jaribio lile lile liko pale pale. Hata hivyo, katika taarifa yangu kwa mkuu wa shule nilikuwa nimeandika kwamba wazazi wote wamejulishwa. Nilikuwa nimehesabu tulichotuma. Kilichofika sikuwa na habari nacho.

Kabla ya kutuma neno jingine, niliomba ruhusa ya kufanya jambo lililoonekana la kizamani: kila mwalimu wa darasa aipigie simu kila familia ya darasa lake, aulize maswali matatu, na aandike majibu daftarini. Simu hii ni ya nani, na mchana inakaa na nani? Ni saa ngapi tunaweza kumpata mtu wa kuzungumza naye? Je, mngependa kusoma taarifa, kuisikiliza, au kupewa karatasi? Shule ililipia muda wa maongezi. Walimu wengine walinung'unika, na walikuwa na haki, kwa maana kazi ile ilichukua wiki mbili za jioni zao. Lakini sijawahi kuona daftari lililotufundisha mengi kiasi kile.

Tuligundua kwamba namba nyingi tulizokuwa nazo zilikuwa za tangu siku ya kuandikishwa, na baadhi zilikuwa za jamaa ambao hawaishi tena na mtoto. Kulikuwa na nyumba ambamo simu ya pekee inaondoka alfajiri na baba na kurudi usiku, na nyingine ambamo simu moja ilikuwa ya wanafunzi watatu wa madarasa tofauti, kila mmoja akiwa ameagizwa na mwalimu wake kuingia kwenye kipindi cha video saa tatu asubuhi. Bibi mmoja, ambaye hasomi, alituambia kwamba jumbe zetu husomewa na mjukuu wake. Kwa maneno mengine, taarifa zetu kuhusu utoro wa mjukuu zilikuwa zikisomwa kwa sauti na mtoro mwenyewe. Desemba mwaka huo UNICEF na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano, walipotoa ripoti kwamba theluthi mbili ya watoto na vijana wa umri wa miaka 3 hadi 17 duniani, yaani takriban bilioni 1.3, hawana intaneti nyumbani, daftari letu lilikuwa limekwisha kuniambia habari hiyo kwa majina ya watoto ninaowafahamu.

Baada ya hapo tuliamua kwamba taarifa ya kawaida itatoka mara moja tu kwa wiki, Ijumaa alasiri, saa ile ile, na itaandikwa na mtu mmoja. Nilitaka iwe Jumapili jioni, kwa kuwa ndipo mambo ya wiki inayofuata yanapokuwa yametulia, lakini wazazi tuliowauliza walikataa: anayefanya kazi za zamu anahitaji siku mbili za kupanga nani atabaki na mtoto. Ujumbe wa Ijumaa ulibeba mambo matatu na si zaidi, yaani kundi lipi linakuja siku zipi, nini kije na mtoto, na namba ya kupiga. Walioomba karatasi walipata maneno hayo hayo kwenye karatasi, na walioomba kusikiliza walirekodiwa ujumbe wa sauti wa muda usiozidi dakika moja. Neno lolote nje ya Ijumaa lilikuwa la dharura, na kwa kuwa yalikuwa machache, watu waliyafungua.

SMS ilinifunza adabu ya uandishi ambayo shahada yangu haikunifunza. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, lakini ukitia hata emoji moja, au alama za kunukuu zilizopinda ambazo kompyuta huziweka yenyewe, mfumo hubadilisha namna ya kuandika herufi na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe tuliodhani ni mmoja ulikuwa ukikatwa vipande vitatu na kulipiwa vitatu. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tukilipia uso wa kutabasamu. Niliuondoa, nikaondoa pia salamu ndefu na "kwa kuzingatia miongozo iliyotolewa", nikaanza kila ujumbe kwa jina la kundi na siku.

Makundi ya WhatsApp yalikuwa kesi ngumu zaidi, nami nilikosea mara mbili. Kwanza niliyaacha wazi, na tangazo la ratiba likawa linazama chini ya pongezi, video za dini na ugomvi wa watu wawili. Nikageuza mpangilio ili wasimamizi peke yao ndio waweze kuandika. Kelele ziliisha, lakini baada ya siku chache mzazi mmoja alinipigia akaniuliza kwa upole kwa nini tumewafunga midomo. Kwenye kundi la aina hiyo kila mwanakundi huona namba za wengine, na mama mmoja alikuwa ameanza kutumiwa jumbe na mtu asiyemjua. Nilijaribu orodha ya matangazo, ambayo humfikia kila mmoja peke yake, kisha nikagundua kwamba haimfikii mtu ambaye hajaihifadhi namba ya shule kwenye simu yake. Ikabidi tuwaombe wazazi, mmoja mmoja, wahifadhi namba hiyo. Mwishowe kundi lilibaki la matangazo, na badala ya kulifungua tuliweka saa mbili za jioni, siku mbili kwa wiki, ambapo mwalimu wa zamu alishika simu ya shule na kupokea yeyote aliyepiga. Saa hizo ziliwasaidia walimu pia. Kabla yake walikuwa wakiulizwa maswali ya hesabu saa tano usiku kwenye simu zao binafsi, na waliojibu walionekana wema kuliko waliolala.

Hadi hapo nilikuwa nimeshughulikia kupasha habari tu. Kushirikisha ni jambo jingine, na nilichelewa kuliona. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye amechunguza kwa miaka mingi uhusiano wa shule na familia, anaainisha ushirikishwaji wa wazazi kwa namna sita: malezi, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kufanya maamuzi, na kushirikiana na jamii. Nilipojipima kwa orodha hiyo niliona kwamba nguvu zangu zote zilikuwa kwenye ya pili. Maamuzi tulikuwa tukiyafanya sisi, kisha tunawapelekea wazazi yakiwa yamekwisha kukatwa.

Mfano mchungu ulikuwa ule wa kugawa makundi. Tulikuwa tumetumia namba za mahudhurio, zisizogawanyika kwa mbili upande mmoja na zinazogawanyika upande mwingine, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka na haina upendeleo. Kwenye kikao cha kwanza na wawakilishi wa wazazi, kilichofanyika uwanjani kwa viti vilivyotenganishwa, baba mmoja alisimama akauliza swali moja tu: "Ndugu wawili wa nyumba moja, mnawapeleka siku tofauti kwa faida ya nani?" Hatukuwa na jibu. Mzazi wa aina hiyo alikuwa na mtoto nyumbani kila siku ya wiki, asingeweza kwenda kazini hata siku moja kwa utulivu. Na hata kwa afya haikuwa na maana, kwa kuwa nyumba moja ilikuwa ikiunganisha makundi mawili tuliyojitahidi kuyatenga. Tulipanga upya kwa familia badala ya namba. Kazi ile ilichukua siku tatu, na ingechukua hizo hizo tatu laiti tungeuliza mwanzoni.

Katika masomo yenyewe tulikuwa tumewaomba wazazi zaidi ya uwezo wao. Tuliwatumia kazi za watoto pamoja na maelezo ya namna ya kuzifundisha, kana kwamba kila nyumba ina mwalimu aliyepumzika. Waliosoma sana waliwafanyia watoto kazi, na wasiosoma waliona aibu wakanyamaza. Tulibadilisha ombi. Kila karatasi ya kazi za nyumbani ilikuja na swali moja la mzazi kumuuliza mtoto jioni, kwa mfano: "Nieleze ulijuaje kwamba jibu hili ni sahihi?" Swali la namna hiyo halihitaji mzazi ajue jibu, linamhitaji asikilize. Yule bibi asiyesoma aliupenda utaratibu huo kuliko wote, na mjukuu wake, kwa kuwa sasa tulikuwa tukimtumia bibi sauti badala ya maandishi, alikosa mahali pa kujificha.

Zilibaki familia zilizokuwa kimya. Tulikubaliana kwamba mtoto asiyeonekana siku zake zote mbili, wala kurudisha kazi, apigiwe simu na mwalimu wa darasa na si ofisi, na sentensi ya kwanza isiwe ya utoro. Mwalimu alianza kwa kuuliza hali za nyumbani, na mara nyingi sababu ilitoka yenyewe: ugonjwa, kuhama, kazi iliyopotea. Niliwaomba walimu pia wapige simu mbili kila wiki za kusifu tu. Wazazi walishtuka mno walipoona namba ya shule hivi kwamba mmoja alianza kwa kuuliza, "Amefanya nini tena?"

Jambo lililonikera zaidi, hata leo, ni siku mwanafunzi mmoja alipothibitika kuambukizwa. Tulingoja hadi kesho yake tuwe na maelezo kamili, na usiku ule uvumi ulitaja watoto wanne na mwalimu mmoja. Asubuhi nusu ya darasa haikuja. Tangu hapo tulitoa taarifa siku hiyo hiyo, hata ikiwa fupi: tunachojua, tusichojua bado, na saa ya taarifa inayofuata. Jina la mtoto halikutajwa kamwe, wala jambo lolote ambalo lingemtambulisha, na saa tuliyoahidi tuliitunza hata pale ambapo tulikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba hakuna jipya.

Nilimrudia yule mama wa langoni miezi miwili baada ya siku ile, nikamwomba awe msomaji wetu wa kwanza. Kila Alhamisi nilimtumia rasimu ya ujumbe wa Ijumaa na kumuuliza swali moja: Jumatatu utafanya nini? Akijibu sawa, ujumbe ulitoka. Akisita, niliuandika upya. Masomo ya mseto yalikwisha na makundi yakaunganishwa, lakini ujumbe wa Ijumaa haukufutwa, na Alhamisi iliyopita alinirudishia rasimu na maneno matano tu: "Mwalimu, hii ina siku mbili."