Kidude cha mgongoni

Shangazi yake aliyeko Dubai ndiye aliyemletea binti yangu kidude cha kubandika kati ya mabega, cha kumkumbusha akae wima. Ukikiwasha mtoto akiwa ameketi wima, kinakariri mkao ule wa mgongo; akijikunja, kinatetemeka. Kazi kinafanya, sikatai. Ila hakijui tofauti ya kuinama kufunga kamba za viatu na kulalia daftari. Naye mjanja: anakiwasha upya akiwa tayari amejikunja, basi kinyamaze!

Mimi nilimtazama miguu. Inaning'inia, na meza yetu ya kulia inamfika kifuani, atakaaje wima? Fundi seremala hapa Sinza akanichongea kibago cha kuwekea miguu. Siku hizi akiandika nyayo zimekanyaga kitu, kidude hakina la kusema. Akishika simu ya baba yake, hapo kinatetemeka mpaka chaji iishe.