Siku moja ya afisa wa ulinzi wa data katika kampuni ya mikopo ya simu, Nairobi

Saa moja na nusu asubuhi

Kazi inaanzia kwenye malalamiko yaliyoingia usiku. Yako ya aina nne: anayetaka kuona data tuliyo nayo juu yake, anayetaka irekebishwe, anayetaka ifutwe, na yule ambaye hajawahi kukopa kwetu lakini anapigiwa simu kwa deni la mtu mwingine. Huyu wa mwisho hushughulikiwa kwanza. Mkopaji angalau alibonyeza "nakubali". Huyu hakuulizwa na yeyote. Namba yake ilitoka kwenye simu ya rafiki, au iliandikwa kwenye fomu penye "jamaa wa karibu".

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zinakataza mkopeshaji wa kidijitali kuwasaka watu walio kwenye simu ya mdaiwa ili abanwe alipe. Septemba 2023, Kamishna wa Data, msimamizi wa Sheria ya Ulinzi wa Data, aliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wa namna hiyo kutuma vitisho. Kwa hiyo namba inaondolewa kwenye mfumo wa kudai, kisha inaingizwa kwenye orodha ya kuzuia, ikiwa imesimbwa isisomeke. Kuifuta peke yake hakutoshi, kwa sababu faili ya zamani ikipakiwa tena wiki ijayo, namba inarudi na mama wa watu anaanza kutukanwa upya. Baada ya hapo wakala wa kudai anaulizwa kwa maandishi aliipata wapi.

Maombi mengine yana saa yake: kuona data ni siku 7, kurekebisha ni siku 14. Kila ombi linaandikwa tarehe lilipoingia, si tarehe lilipofunguliwa.

Saa tatu

Toleo jipya la programu linasubiri idhini. Hapa wengi huangalia ruhusa (vitu ambavyo programu inaomba kuvifikia kwenye simu) zilizoandikwa na waundaji wao wenyewe, wakaridhika. Ruhusa hujificha kwingine: maktaba za nje, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, kama vya matangazo au vya kupima matumizi, huja na ruhusa zao, na programu ikijengwa zote huunganishwa kwenye faili moja. Ndiyo maana tunafungua faili ya mwisho, ile itakayopakuliwa na mteja, na kusoma ruhusa moja moja. Kusoma majina na namba za watu zilizohifadhiwa kwenye simu, au picha, hakuruhusiwi kabisa. Google yenyewe ilizipiga marufuku ruhusa hizo kwa programu za mikopo kuanzia 31 Mei 2023. Ruhusa ya mahali alipo mtu huulizwa swali moja: uamuzi gani wa mkopo utabadilika tukiikosa? Mjenzi asipokuwa na jibu, inatoka.

Saa tano

Hii ndiyo kazi nzito ya siku: modeli ya akili unde inayotoa alama za mkopo.

Tatizo la kwanza liko kwenye data iliyoifunza. Modeli inajua tu waliolipa na walioshindwa, yaani waliowahi kupewa. Aliyenyimwa hana historia ya kulipa, basi modeli inaendelea kumnyima yeye na wanaofanana naye, na hakuna takwimu itakayokuja kuikosoa. Dawa inayofanya kazi ni kuidhinisha kwa bahati nasibu sehemu ndogo ya waliokataliwa, kwa kiwango cha chini cha mkopo, kisha kuangalia walivyolipa. Idara ya fedha hulalamika kuhusu hasara. Nafikiri hasara hiyo ni gharama halali ya biashara, kwa sababu bila hiyo hatujui kama tunawanyima watu kwa haki.

La pili ni vigezo vinavyoficha vingine. Umri wa laini unaonekana kama kigezo kisicho na ubaguzi, lakini mwanamke aliyetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe, akasajili yake juzi, anahesabiwa mgeni. Tunalinganisha kiwango cha kuidhinishwa kwa wanawake na wanaume, mjini na vijijini, kisha tunaondoa kigezo kimoja kimoja kuona pengo linapungua wapi.

La tatu ni ujumbe wa kukataliwa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka mtu aambiwe kwa maandishi kuwa uamuzi umefanywa na mashine, naye ana haki ya kuomba uangaliwe upya. "Ombi lako halikufanikiwa" haitimizi hilo. Huu unatimiza:

"Ombi lako la mkopo halikupita. Uamuzi umefanywa na kompyuta. Sababu kuu: laini yako ina chini ya miezi 6. Ukitaka mtu aupitie upya, jibu UPYA bila malipo."

Ni herufi 154 pamoja na nafasi, na SMS moja hubeba 160. Anayepitia upya lazima awe na mamlaka ya kubadilisha uamuzi. Akiwa anasoma tu alama ileile ya kompyuta na kuirudia, mteja amepewa sauti ya mtu bila mtu.

Saa nane mchana

Mazoezi ya kukabili uvujaji wa data. Mfano wa leo ni orodha ya wadaiwa iliyotumwa kwa wakala asiyehusika nayo. Saa 72 za kumjulisha Kamishna zinahesabiwa tangu tulipojua, wala hazingoji uchunguzi uishe. Wakala anayetuchakatia data ana saa 48 za kutuambia. Panapokwama ni palepale siku zote: nakala za Excel kwenye simu binafsi na makundi ya WhatsApp ya wadai, ambako hakuna seva ya kuzifuta. Tangu sasa orodha inasomwa ndani ya mfumo tu, bila kupakuliwa.

Saa kumi

Idara ya bidhaa inataka mteja aingie kwa kutambuliwa uso. Uso ukivuja haubadilishwi kama PIN. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute data za kibayometriki (za mwili wa mtu) ilizokusanya Kenya. Watu walikuwa wamekaguliwa macho kwa tokeni za thamani ya takriban shilingi 7,000. Ridhaa inayotolewa na mwenye shida ili apate pesa inatia shaka, na mteja wetu anayetafuta ada ya shule usiku yuko kwenye hali hiyohiyo.

Majibu niliyowapa: PIN ibaki kama njia kamili kwa asiyetaka, bila kumpunguzia kiwango cha mkopo; alama za uso zikae kwenye simu yake, si kwenye seva yetu; na ripoti ya tathmini ya athari ipelekwe kwa Kamishna siku 60 kabla ya kuanza. Walikuwa wamepanga kuzindua mwezi ujao. Tarehe imesogezwa.