Mawasiliano ya Angani, Niliyoyajulia Barabara ya Lamu

Nauli ya kutoka Malindi hadi Mokowe ilikuwa imepanda tangu nilipoulizia kwa simu, na karani akanipa kiti cha juu ya gurudumu, ambacho hakiegemeki wala hakimruhusu mtu kunyoosha mguu. Tulipokwisha kupita Garsen tulisimamishwa kwenye kizuizi ili magari yakusanyike yasindikizwe na askari. Mtandao wa simu ulikuwa umepotea, na maji ya chupa yaliuzwa kwa bei maradufu.

Ndege ilipita juu sana. Nilimwambia mzee niliyekaa naye kivulini kwamba hao wa juu bila shaka mtandao wanao. Kumbe alikuwa fundi wa redio jeshini kabla ya kustaafu. Akanijibu, "Wao ndio mtandao wenyewe, mwanangu."

Alianza na urefu. Mawimbi ya redio za marubani kwa kawaida hayapindi kuufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo mlingoti wa mita 12 hufika kiasi cha kilomita 14 tu, ilhali ndege iliyo mita 10,000 juu hufikia kilomita 400 na zaidi. Ndiyo sababu Wamarekani waliipeleka Afghanistan E-11A, ndege ambayo kwa asili ilitengenezwa na Bombardier ya Kanada kwa ajili ya matajiri, ikawa inazunguka juu ya milima bila silaha yoyote, ikipokea maneno ya askari aliye bondeni na kumfikishia rubani aliye ng'ambo ya mlima, hata kama redio zao ni za aina mbili zisizosikilizana.

Nikamuuliza inakuwaje ndege nyingi zikizungumza pamoja zisifunikane sauti. Hapo mzee alichangamka. Aliokota kijiti, akachora mstari vumbini, akaukatakata. Katika Link 16, mtandao wa redio wa majeshi ya nchi za NATO, kila sekunde hugawanywa vipande 128, na kila ndege hungoja kipande chake, kama watoto wa chuoni wanaosoma kwa zamu mbele ya maalimu. Isitoshe, mawimbi yenyewe hurukaruka kati ya masafa 51 ya redio, zaidi ya mara 70,000 kwa sekunde, ili adui anayetaka kuyavuruga asijue apige wapi. Yanayosafiri humo si maneno ya mdomo peke yake, bali pia mahali ilipo kila ndege na kile kilichoonwa na rada yake, hata rubani aliyezima rada yake akaweza kumwona adui kwa rada ya mwenzake.

Nilimkumbuka mama, aliyekuwa Ngomeni akingoja simu yangu. Tumekulia mbele ya majukwaa ya Waitaliano baharini, ambako satelaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, na hadi leo kuna mitambo ya kusikiliza satelaiti. Lakini ya ndege kuongea na ndege hatukuwahi kuyauliza. Mzee alisema ndege ikiwa chini haina faida hiyo, akanikumbusha kambi ya jeshi ya Manda Bay, hapo hapo Lamu, ambako al-Shabaab walivamia tarehe 5 Januari 2020, wakawaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege zilizoegeshwa. Tarehe 27 ya mwezi huo huo E-11A moja ilianguka Ghazni, huko Afghanistan, na wawili waliokuwamo wakafa.

Wakati huo mkuu wa msafara wetu alikuwa akiiita redio yake bila kujibiwa. Mwishowe alimtuma kijana wa bodaboda aende mbele akaulize kama msafara wa kutoka Witu umeondoka. Tulimngoja arudi, jua likatuchoma, na ndipo tukaruhusiwa kwenda.

Katika boti ya kutoka Mokowe nilimuuliza mzee kama basi ndege zote za Wamarekani zinaelewana. Akacheka mpaka akakohoa. Ndege za kivita za F-22 na F-35 zote zimetengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin, lakini kila moja ina mtandao wake wa siri ambao nyingine haiuelewi. Mwaka 2021 iliwabidi kuzijaribu pamoja kwa kuipandisha juu yao U-2, ndege ya ujasusi ambayo aina yake iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, iwe mkalimani wao. Kwa fedha zinazomwagwa huko, mimi naiona ni aibu. Yeye aliiona ni kawaida ya jeshi. Tulikuwa bado tunabishana boti ilipogusa gati na wachukuzi wakaanza kuvutana kwa mizigo yetu, kila mmoja akitaja bei yake.