Kusi imewachukua wenzangu

Jana asubuhi wameng'oa nanga hapa Wete. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ishaanza kuvuma na jahazi la Lamu halina la kungoja tena Pemba, lilishuka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na sasa linapanda, ndo mwendo wao toka enzi za mababu, upepo ukigeuka na wao wanageuka. Nilikuwa nalijua hilo lakini yakhe, roho imegoma kabisa kukubali.

Nilipanda nao Malindi, Unguja, narudi zangu nyumbani. Boti ya abiria ingenifikisha siku ile ile ila nahodha alikuwa sahibu wa marehemu babu, akanambia twende mwanangu, nafasi ipo. Tukalala Mkokotoni kungoja mzigo, tukalala tena Tumbatu kungoja bahari itulie, mpaka nikaacha kuuliza tunafika lini. Kisha ule usiku wa kuvuka kutoka Nungwi. Asiyeijua bahari ile nimwambie, mkondo wa maji unakwenda kaskazini na upepo wa kaskazi unatoka huko huko, vikikutana mawimbi yanasimama kama ukuta, basi tukapiga bisho usiku kucha, tunakwenda mshazari kuukabili upepo, foromali, ule mti wa tanga, inalia juu, huku chini mie nafua maji, nayatoa chomboni, na kijana mmoja wa Matondoni, kijiji cha Lamu, ambae mchana kutwa hatukusemezana hata neno. Kulipokucha tunanywa chai ya tangawizi kikombe kimoja na nishajua mpaka mahari anayodaiwa ukweni.

Wete walikaa sana, kutia kalafati, kuziba nyufa za mbao za chombo, na kungoja upepo ugeuke. Kwetu wakawa wanakuja kula muhogo wa nazi na papa, mama akazoea kuwapakulia bila kuuliza nani yupo nani hayupo.

Juzi baada ya isha nahodha akatukalisha wote, akaanza kutuomba radhi mmoja mmoja. Mzee wa umri ule! Alipofika kwangu akasema, "Mwanangu, kama usiku ule nilikutolea kauli kali unisamehe, bahari haina dhamana." Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele za watu. Nikamwambia nimesamehe babu, na mie unisamehe, akanijibu nimekusamehe duniani na ahera. Siku hizi tunaagana kwa selfi na "tutachati", na picha tumepiga pia na grupu la wasapu tumefungua, lakini mie naona ile radhi ndo kuagana kwenyewe, maana mtu anaondoka hana kinyongo na wewe na wewe huna nae, hata Mungu akiamua msionane tena.

Yule wa Matondoni alikuwa ananishonea kofia, kichwa alinipima kwa uzi tukiwa njiani. Haikuisha. Kasema ataimalizia kwao na kuituma kwa chombo chochote kitakachoshuka na kaskazi, mwezi wa kumi na mbili huko inshaallah. Kila jahazi la Lamu litakalotia nanga Wete nitakwenda kuliuliza.