Bloku ya A6: tulivyojua kansa ya ba'mdogo ni ya aina gani

Naandika nikiwa na hasira kidogo, maana kuna jamaa mmoja, wakala wa matibabu ya India, alitaka kutuuzia pakeji ya kupima damu kwa milioni kadhaa, kumbe jibu limekaa stoo ya hospitali hapa hapa Dar limegandishwa kwenye nta.

Ba'mdogo alitolewa uvimbe mkubwa kwenye mfuko wa chakula. Ripoti ya patholojia (wale wanaochunguza vipande vya uvimbe kwa hadubini) ikaja na utata: huenda ni kansa ya misuli laini, huenda ni GIST, ile kansa adimu inayoota kwenye kuta za tumbo na utumbo. Walipima CD117, alama ya kwenye seli inayoonekana kwa kupaka rangi maalum, ambayo GIST nyingi inawaka vizuri tu, ya kwake ikawaka kiduchu. Alama nyingine ya GIST, DOG1, ndo hivyo tena, dawa ya kupimia imeisha. Sasa watu wananiambia kansa ni kansa, anzeni tiba! Tuanze ipi? Ya misuli anapigwa dripu za kemo, GIST hizo dripu haziifanyi kitu cha maana, yenyewe inataka vidonge vya imatinibu (wengi wanaijua kama Glivec). Daktari akasema ubishi utaisha tukipima jeni za uvimbe wenyewe, KIT na PDGFRA, maana GIST nyingi za watu wazima zina hitilafu kwenye moja ya hizo.

Nikakosea stepu... hapana, sikukosea, ila nilipotaja DNA kwenye kikao cha familia shangazi alisimama kabisa. "Mnataka kupima watoto wa kaka yangu kama ni wake?" Mwingine akanielekeza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Nikaeleza mpaka koo likakauka, kwamba hitilafu hii kwa kawaida imezuka ndani ya uvimbe tu, haijatoka kwa babu wala haiendi kwa watoto. Ndo maana ile pakeji ya wakala, ambayo ni ya kutafuta vya kurithi kwenye damu, isingetusaidia chochote.

Kwa hiyo tukaomba bloku. Hospitali wakikata uvimbe hawatupi vipande, wanavilowesha kwenye fomalini, dawa ya kuzuia visioze, halafu wanavigandisha kwenye vitofali vidogo vya nta, vinawekwa miaka. Barua ya daktari, fomu, saini, nikapewa moja, A2. Kuna jirani akasisitiza niweke kwenye kuli boksi na barafu, nikanunua kabisa, mtu wa maabara akacheka. Bloku haihitaji barafu, wewe usiiache tu juu ya dashibodi jua la mchana, ni nta hiyo. Kuli boksi sa hivi linabeba soda.

A2 ikaenda India na kurudi bila jibu. Tishu nyingi imekufa, seli za uvimbe hazifiki asilimia 20 waliyotaka, DNA imekatikakatika. Hela yetu hawakurudisha yote. Wakala akafurahi, ati "si nilisema damu", na daktari mmoja wa pembeni akashauri mzee achomwe biopsi nyingine, yaani achukuliwe kipande kingine cha uvimbe. Achomwe wapi wakati uvimbe umeshatolewa wote?

Hapa ndo najisifu. Mimi nauza spea za magari, baiolojia nilipata F, lakini namba za vipuri ndo chakula changu. Nikakaa usiku na ile ripoti ya patholojia, nikasoma ile sehemu ambayo kila mtu anairuka, maelezo ya uvimbe ulivyoonekana kwa macho. Chini kabisa kuna mstari mdogo: A1 mpaka A3 katikati ya uvimbe, A4 na A5 pembeni mwa mkato, A6 na A7 ukingo wa uvimbe na ukuta wa tumbo, A8 tezi. Yaani bloku ziko nane, sisi tumepeleka ya katikati, na uvimbe mkubwa huwa unaoza katikati! Halafu alifanyiwa opresheni Ijumaa jioni, ndoo ya fomalini yenye uvimbe wake ikakaa mpaka Jumatatu bila uvimbe kupasuliwa, na fomalini inapenya polepole mno, kama milimita moja kwa saa. Kule kati ilifika imechelewa. (Kama mgonjwa wenu bado hajaingia theatre, ulizeni hilo la ndoo mapema, msione aibu.)

Kesho yake nikamfuata daktari kijana wa patholojia, nikamuomba aangalie slaidi ya A6, kile kioo chenye kipande chembamba kilichokatwa kwenye bloku. Akaangalia, akanyamaza, akachukua kalamu akazungushia duara palipojaa seli hai. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia Kariakoo. Mzee wa stoo akaitoa A6, A7 ikabaki hapohapo maana hupeleki zote, na slaidi yenye duara ikasafiri pamoja na bloku. Gharama jumla, ukihesabu na ile iliyofeli, milioni mbili na ushee hivi, kuli boksi sijahesabu.

Jibu: GIST, hitilafu ya PDGFRA eksoni ya 12 (eksoni ni kipande cha jeni). GIST za PDGFRA ndo zenye tabia ya kuwasha CD117 kidogo, kwa hiyo hata ule utata wa mwanzo ukaeleweka. Tulichokuwa tunaogopa ni D842V, hitilafu nyingine ya PDGFRA iliyoko eksoni ya 18, hiyo imatinibu haiiwezi. Ya kwetu inaisikia dawa.

Ba'mdogo anameza miligramu 400 kila siku baada ya chakula, macho yanamvimba asubuhi, daktari kasema ni dawa hiyo. Amepangiwa miaka mitatu na ameshaanza kulalamika. Bloku imerudi, nimeikabidhi stoo na kusainiwa, nakala ya risiti ninayo kwenye simu.