Kadi mbili, saa nane za usiku

Nimefika nyumbani Umoja alfajiri hii, macho mekundu lakini moyo umetulia. Usiku kucha tulikuwa kwenye swichi ya simu ya jengo moja hapa mjini, yaani mtambo unaounganisha simu zake, tukibadilisha kadi mbili mbovu (bodi za elektroniki zinazochomekwa ndani yake).

Mtambo huo una pande mbili pacha. Mmoja unashughulikia simu, mwenzake anakesha tayari kupokea kazi wakati wowote. Ndiyo maana kadi inaweza kuchomolewa umeme ukiwepo, watu wakiendelea kuongea. Lakini ukikosea upande, umewakata wote, na huenda kati yao kuna mtu anayeita ambulensi.

Ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili, vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye kishikio, mzee wetu wa zamu akasema taratibu, "Kijana, soma tena namba ya nafasi." Nikasoma. Taa ya kijani ilikuwa inawaka mbele ya macho yangu: upande ulio kazini! Mbovu ilikuwa rafu ya chini yake. Nilitoa jasho hadi bangili ya kuondoa umeme tuli ikaniteleza mkononi.

Tukachomoa iliyo sahihi, nikamulika tochi kukagua pini za nyuma (ikipinda moja tu, kadi mpya nayo haitakubali), nikaisukuma ndani polepole. Taa nyekundu. Dakika zile zilikuwa ndefu jamani. Kisha kijani.

Tukahamishia kazi upande huo, nikainua simu ya mezani. Mlio ukaja, safi kabisa.

Mzee wangu, asante sana.